Waliopo: Arobaini na Wawili

Kila asubuhi, kabla ya kufungua jalada lolote, Koplo Sekela alifanya mambo yale yale matatu. Alifuta meza kwa kitambaa kibichi. Alipanga viti viwili vidogo vya plastiki kwa ajili ya watoto wanaoletwa Dawati la Jinsia na Watoto. Kisha alimimina chai ya rangi kwenye kifuniko cha chupa, akaiacha ipoe huku akila kitumbua.

Ijumaa hiyo kitumbua hakukimaliza. Karatasi ilitua mezani kwa kishindo, kifuniko kikapinduka, chai ikatiririka hadi kwenye sketi yake.

"Soma!" alisema Bi Wahiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Soma."

Sekela aliinua barua kabla haijalowa yote. Ilikuwa na muhuri wa shule na tarehe ya jana. Uongozi ulimjulisha mzazi kwamba mwanafunzi Salsabil Thuwaini wa Kidato cha Kwanza B hakufika shuleni siku ya Jumanne, na kwamba alipata ajali akiwa katika utoro. Kwa kulinda nidhamu, hatapokelewa tena Januari. Jina lake lingetangazwa kwenye baraza la kufunga shule, Ijumaa saa tano.

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika kumi.

"Hakufika!" Bi Wahiba alipiga meza kwa kiganja. "Mie nimemsuka mwenyewe alfajiri. Baba yake kamfikisha mpaka getini, kamwona anaingia. Leo mwanangu hana vidole viwili vya mkono wa kulia, na wanataka kumtangaza mbele za watu kama mwizi wa kuku!"

"Mwenyewe anasema alitoroka, mama. Ameniambia hivyo Jumatano, akarudia jana."

"Anasema! Kila nikimuuliza ananitazama kama mtu aliyekula yamini. Mtoto wa miaka kumi na minne, nani kamlisha yamini? Niambie wewe, si ndiyo kazi yako?"

Sekela aliweka barua kando. Alifungua droo, akatoa jalada na bahasha ya kaki. Alikwisha kuyasoma maelezo ya muuguzi mara nne. Jumanne saa saba mchana, bajaji ilimshusha msichana mwenye sare nje ya kituo cha afya, ikaondoka. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimesagika. Ndani ya jeraha mlikuwa na chembe za saruji. Muuguzi alikuwa ameandika kwa kalamu nzito: *Huyu hakuanguka. Kitu kizito kimemwangukia.*

Ndani ya bahasha mlikuwa na kitambaa kilichofungiwa ule mkono: kitenge kipya cha kijani chenye maua ya manjano, sasa kikiwa na doa kubwa lililokauka na kuwa jeusi.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Kwenye baraza lao."

*

Shule ilikuwa Mbweni, nyuma ya mtaa wa nyumba mpya ambazo nusu yake hazijapigwa plasta. Wanafunzi waliingia wamebeba mafagio ya chelewa na ndoo. Wengine waliinamia dirisha la maktaba wakirudisha vitabu. Viti vya wazazi vilikuwa vimeanza kupangwa uwanjani.

Getini alisimama mwanamume mrefu mwenye fimbo kwapani, akiwahimiza waliochelewa.

"Wewe, fagio liko wapi? Tangazo lilisema nini? Umelala na masikio?"

Sekela hakuitazama fimbo. Alilitazama shati. Lilikuwa la kijani, lenye maua ya manjano.

"Huyo," Bi Wahiba alinong'ona, akamshika Sekela mkono kwa nguvu. "Huyo ndiye Godlisten, mwalimu wa nidhamu. Mwezi wa nane alimchapa mwanangu hadi akashindwa kukaa. Mshike!"

"Ngoja kwanza, mama."

"Ningoje nini? Shati si hilo hilo?"

"Nimeliona. Kaa hapa na wazazi wenzio. Usimwambie mtu neno."

Mkuu wa shule, Mwalimu Kamugisha, alikuwa ofisini akisaini ripoti za wanafunzi. Naye alivaa kitenge kile kile.

"Karibu, afande. Utaniwia radhi, leo ni siku ya kufunga. Ile barua? Tumefuata utaratibu."

"Utaratibu gani?"

"Daftari la mahudhurio. Mtoto ana alama ya kutokuwepo Jumanne. Sisi hatuwezi kubeba ajali ya mtu ambaye hakuwepo."

"Nione daftari. Na jono la darasa."

Alivileta viwili pamoja. Daftari la mahudhurio lilijazwa na mwalimu wa darasa kila asubuhi. Jono lilibebwa na monita kutoka kipindi hadi kipindi, na kila mwalimu aliandika mada aliyofundisha, akasaini. Kwenye daftari, Jumanne, wanafunzi arobaini na saba walikuwepo, mmoja hakuwepo. Alama ya Salsabil ilikuwa imeandikwa kwa wino mzito kuliko za wenzake, na karatasi chini yake ilikuwa imekwanguliwa.

Kwenye jono, Jumanne, kipindi cha tano hadi cha nane, baada ya mapumziko, palisomeka: *Jiografia. Marudio. G.*

"Vitenge hivi mmevipata lini?"

Kamugisha alishangaa. "Vitenge? Fundi alileta Jumanne asubuhi. Ni vya leo, vya baraza. Wanaume mashati, akina mama magauni na vilemba vyao."

"Nani amekwangua hapa?"

"Wino humwagika, afande."

"Wino ukimwagika haukwanguliwi kwa wembe, mwalimu. Niitie Godlisten."

Godlisten aliingia na fimbo yake.

"Iweke chini," alisema Sekela.

"Ni nyenzo ya kazi."

"Iweke chini, au niiandike kwenye jalada kama kielelezo."

Aliiegemeza ukutani. Sekela alimsogezea jono.

"Jumanne, vipindi vinne mfululizo, Kidato cha Kwanza B. Ulifundisha nini?"

"Marudio. Si imeandikwa?"

"Marudio ya mada ipi?"

"Ramani."

"Ulianza na swali gani?"

Godlisten alimtazama mkuu wake. "Afande, mambo ya wiki ya mwisho... Mtu unapitia pitia tu."

Sekela aliinuka. Alikuwa mfupi, ilimbidi ainue uso ili amwone vizuri. "Mtoto amesagika vidole saa ulizosaini wewe. Kama ulikuwa naye, umenimalizia maswali, nakuondoa hapa na pingu mbele ya wazazi. Kama hukuwa naye, sema ulikuwa wapi. Na usiniambie habari za kupitia pitia."

"Sikuwepo."

"Sauti."

"Sikuwepo shuleni! Nilikuwa Tegeta, napiga tempo. Kuna shule ina upungufu wa walimu, nafundisha Jumanne na Alhamisi. Jono nilisaini Jumatatu, la wiki nzima."

"Godlisten!" Kamugisha alidondosha kalamu.

"Mkuu, nisamehe. Mpigie simu mwalimu wa taaluma wa kule, atakwambia."

Sekela alipiga mwenyewe. Sauti ya upande wa pili ilithibitisha: Mwalimu Godlisten aliingia saa tatu, akatoka saa nane, mikondo yote minne ya kidato cha tatu ilimwona. Sekela alikata simu. Alikuwa na mwalimu mwongo mbele yake, lakini siye aliyemtafuta. Alitoa kitambaa kwenye bahasha, akakikunjua juu ya meza, kikafika sakafuni upande wa pili. Kingo zake zote mbili fupi zilikuwa zimepindwa na kushonwa vizuri.

Hakikuwa kipande cha shati. Hakikuwa kipande cha chochote. Kilikuwa kitu kizima.

"Jumanne, nani aliingia darasani badala yako?" aliuliza.

"Sijui, afande. Kukiwa na nafasi huwa anaingia mwalimu wa darasa."

Saa ilikuwa tatu na nusu.

*

Kidato cha Kwanza B walisimama wote kwa pamoja alipoingia. Mwalimu wa darasa, Mwalimu Demetria, alikuwa akigawa karatasi za kazi za likizo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya upole, na gauni lake la kitenge lilimkaa vizuri. Alipopita kati ya madawati alimgusa huyu bega, yule kichwa.

"Kaeni, wanangu," alisema. "Mgeni wetu ana maswali machache. Mjibuni kwa adabu."

"Ndiyo, mama!"

Si *mwalimu*. Mama.

"Naomba utuache kidogo, mwalimu," alisema Sekela.

Demetria aliweka karatasi mezani, akatoka polepole. Watoto walimsindikiza kwa macho.

"Jumanne baada ya mapumziko, mlikuwa wapi?"

"Darasani!" Sauti arobaini na saba, kama wimbo.

"Mlifanya nini?"

"Tulinakili kazi za likizo!"

"Wote?"

"Wote!"

"Salsabil alikuja shule siku hiyo?"

Hapo wimbo ulikatika. Wachache walisema hapana. Wengine waliangalia madawati. Sekela alipita akikusanya madaftari ya wale waliokaa mbele, akayafungua moja moja. Maswali arobaini ya Hisabati. Insha ya Kiswahili, *Siku Nitakayoikumbuka*. Kila daftari lilifanana na jingine, mpaka alipofika kwa msichana mdogo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Unaitwa nani?"

"Nusaiba, afande."

Nusaiba alikuwa amenakili kila kitu. Kazi za likizo, ndiyo, lakini pia vikumbusho vya upande wa kushoto wa ubao: fagio la chelewa Alhamisi na Ijumaa, vitabu virudishwe, viatu visafishwe, mzazi aje na kitambulisho. Na kwenye pembe ya juu kulia, alikuwa amechora kijisanduku kile ambacho monita hukiandika ubaoni kila siku. *Idadi 48. Waliopo 48. Wasiopo 0.* Kisha hizo tarakimu za chini zilikatwa kwa mstari mmoja, na pembeni yake pakaandikwa: *Waliopo 42. Wasiopo 6.*

"Mbona umeandika haya?"

"Yalikuwa ubaoni."

"Wenzako hawakuandika."

"Mie niliwahi kuchapwa na Mwalimu Godlisten kwa kunakili nusu nusu." Alirekebisha miwani. "Toka siku hiyo nanakili vyote."

"Na hapa umekata kwa nini?"

"Monita anahesabu mara mbili wiki hii, asubuhi na baada ya mapumziko, kwa sababu watu wanatorokaga. Alifuta akaandika upya. Na mie nikakata."

Nje mafagio yalikuwa yakikwangua mchanga. Asubuhi wote walikuwepo. Salsabil alifika. Na baada ya mapumziko waliondoka sita, si mmoja.

Sekela alisimama mbele. "Jumatatu huwa mnakaguliwa kucha?"

"Ndiyo!"

"Simameni. Mikono mbele, viganja juu."

Walinyoosha mara moja, kwa mazoea. Alipita safu hadi safu. Kiganja safi. Kiganja chenye wino. Kisha kiganja cha mvulana mnene wa safu ya tatu: ngozi ilikuwa imechubuka kwenye mashina ya vidole, na malengelenge mawili yalikuwa yameshapasuka. Alimtoa mbele. Akatoa mwingine, na mwingine. Waliposimama ubaoni walikuwa watano.

"Wewe, jina?"

"Albano."

"Hayo ni ya nini, Albano?"

"Fagio, afande."

"Fagio la chelewa halichubui hivyo. Tofali ndilo linachubua hivyo. Mlibeba tofali za nani?"

Albano alitazama mlango. "Hatukulazimishwa," alisema.

"Sikuuliza hilo."

"Hatukulazimishwa! Tuligombania. Alisema anataka sita tu, darasa zima likanyoosha mkono. Salsabil alilia ndiyo akachukuliwa." Alificha viganja nyuma ya mgongo. "Nyie mnataka afukuzwe tu. Nani alitununulia sare mie na mdogo wangu? Wewe?"

Sekela alitaka kumjibu kwa ukali, lakini ukali wake haukuwa wa mtoto huyu. Alitoa barua yenye doa la chai.

"Mliambiwa Salsabil yuko wapi?"

"Nyumbani, anapumzika," walijibu kadhaa. "Januari tutakuwa naye."

"Sikilizeni basi." Aliisoma barua yote, kwa sauti ile ile moja, mpaka mwisho. *Hatapokelewa tena Januari.* Kisha akaongeza ambalo halikuandikwa: "Jana amekatwa vidole viwili. Hajamtaja mtu. Mpaka sasa hivi anasema alitoroka."

Msichana mmoja wa nyuma aliangua kilio. Albano aliinyakua barua, akaisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Alipoinua uso ulikuwa umebadilika.

"Alituambia tukikaa kimya wote tutapona," alisema. "Wote! Salsabil si wote?"

"Nani alisema, Albano?"

"Mie simtaji." Alifuta pua kwa mkono uliochubuka. "Muulize mwenyewe. Aseme mwenyewe!"

*

Saa tano wazazi walikuwa wamejaa. Walimu walipangwa kwenye jukwaa la saruji, kijani na manjano kutoka mwanzo hadi mwisho. Sekela alimwona mkuu kabla hajapanda.

"Usilisome hilo jina."

"Afande, hilo ni suala la ndani la shule. Wewe malizia upelelezi wako, na mimi nimalizie baraza langu. Utaratibu..."

"Mtoto alikuwepo. Ninao ushahidi."

"Utauleta Januari." Kamugisha alipanda, akashika kipaza sauti.

Sekela alisimama chini ya jukwaa, akitazama juu. Walimu wa kike walikuwa wanne. Wa kwanza, kilemba. Wa pili, kilemba, kimefungwa kwa mbwembwe hadi kikamzidi uso. Wa tatu, kilemba. Wa nne alikuwa Demetria, na nywele zake zilikuwa wazi, zimesukwa mistari minne.

"...na katika kulinda nidhamu," Kamugisha alikuwa akisoma, "mwanafunzi Salsabil Thuwaini, kwa utoro..."

"Mwongo!" Bi Wahiba alikwisha kusimama. "Mwongo mkubwa we! Mwanangu hajawahi kutoroka hata chuo cha Kurani!"

Minong'ono ilipanda. Godlisten alianza kushuka ili amtoe, Sekela akamzuia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na bahasha. Alipanda ngazi tatu, akampita mkuu, akasimama mbele ya Demetria na kukikunjua kile kitambaa. Kijani, manjano, na jeusi la damu.

"Kilemba chako, mwalimu. Nimekuletea."

Demetria alikitazama. Hakunyoosha mkono.

"Kilipotea," alisema.

"Kilipotea wapi? Watoto walikobebeshwa tofali?"

"Afande, mambo ya shule ni mengi. Watoto wanaondoka, wanarudi..."

"Nina daftari linalosema waliopo ni arobaini na wawili. Nina viganja vya watoto watano. Tofali lilimwangukia saa ngapi?"

"Watoto wanasema mambo mengi."

"Hawajakutaja. Hata mmoja. Umesikia? Wamelia mbele yangu, na hawajakutaja. Aliyekatwa vidole hajakutaja! Wewe kinachokushinda ni nini?"

Kidato cha Kwanza B walikuwa wameketi chini, safu ya mbele kabisa. Hakuna aliyekuwa akicheza. Albano alikuwa amenyoosha shingo. Nusaiba alikuwa na daftari mapajani.

Demetria aliwatazama, kisha akainamisha kichwa, akasema jambo. Lilikuwa dogo, la kunong'ona, na Sekela alilisikia neno kwa neno. Mkuu wa shule naye alilisikia, kwa sababu aliikunja karatasi aliyokuwa akiisoma.

Lilitosha kwa jalada. Sekela angeweza kumshika mkono wakashuka kwa nyuma, kimya kimya. Badala yake alikichukua kipaza sauti kutoka kwa Kamugisha, ambaye hakukishikilia.

"Mwalimu," alisema kwa hasira, "mtoto akijibu kwa kunong'ona darasani, huwa unamwambiaje?"

Demetria alikitazama kipaza sauti.

"Unamwambiaje?"

"Simama wima," Demetria alisema. "Sema kwa sauti, darasa lisikie."

Sekela alimpa kipaza sauti.

Mwalimu alinyoosha mgongo. Hakumtazama mkuu wala askari. Alimtafuta Bi Wahiba kati ya wazazi, akamwona, bado amesimama.

"Salsabil hakutoroka," alisema. "Mimi ndiye niliyewachukua, sita, wakabebe tofali nyumbani kwangu, na nikawaambia ni kazi ya mradi. Rundo lilimwangukia. Nilimfunga mkono kwa kilemba changu, nikampandisha bajaji peke yake, nikamwambia akiulizwa aseme alitoroka. Aliniambia, 'Sawa, mama.'"

Alipumua. Kipaza sauti kilikoroma.

"Daftari nililikwangua mimi. Barua niliisoma kabla haijapigwa muhuri. Nilikuwa na siku nzima ya kusema. Nikaona bora yeye apoteze shule kuliko mimi kupoteza kazi. Ndivyo nilivyoona. Sikuchanganyikiwa, wala shetani hakunipitia. Niliona hivyo, na nikaenda kugawa kazi za likizo."